Wali wa Amami na Baba Yangu

Niliingia jikoni mwa nyumba ya wageni ya Voi asubuhi moja mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa nimevaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi hadi ikakaribia kusimama yenyewe. Nilidhani nimekuja kupika. Mpishi Mkuu, mzee wa Mombasa aliyefunga kitambaa cheupe kichwani hata kwenye joto la jiko, alinitazama kuanzia utosini hadi viatuni, kisha akanisukumia debe la vitunguu kwa mguu.

"Jina lako nani?"

"Mwadime, bwana."

"Haya, Mwadime. Menya. Ukimaliza hilo kuna debe la pili. Na ukilia, lilia pembeni, usinilowanishie vitunguu."

Nililia pembeni siku tatu. Siku ya nne akaniruhusu kuwasha jiko. Lilikuwa Dova, yaani jiko la chuma la kuni, lenye mabamba juu na oveni ubavuni. Halikuwa na saa wala kipimo cha joto. Ulifungua mlango wa oveni, ukaingiza mkono mtupu, ukahesabu. Ukiweza kufika kumi kabla ya kuutoa, joto hilo ni la keki; ukiishia sita, ni la mkate. Pembeni, kutwa nzima, ilichemka stoki, mchuzi wa mifupa usiotiwa viungo, ambao ndio mama wa supu zote za Kizungu. Ninyi wa siku hizi mnafungua pakiti, mnakoroga unga kwenye maji moto, mnasema ni supu. Mnisamehe, lakini mimi nikiionja naisikia harufu ya duka.

Nyumba yetu ilikuwa hatua chache kutoka stesheni. Abiria wa kwenda Taveta walishuka kwenye gari la Mombasa au la Nairobi, wakangoja gari la upande wa Taveta, na wakati wa kungoja walikula. Wazungu walikula ukumbini, Wahindi chumba cha pili, na sisi tulikula tumesimama nyuma ya stoo. Ndivyo ilivyokuwa, na sitaipaka rangi.

Kuna jambo moja lazima niliseme mapema. Wakati huo wote nikipikia watu nisiowajua, baba yangu mzazi alikuwa hali chakula changu.

Kwetu juu ya Mwatate, enzi za wazee, mtu mzima akifa alizikwa, na baada ya mwaka au zaidi kaburi lilifunguliwa na kichwa chake kikatolewa. Kilipelekwa kwenye pango la ukoo, kikawekwa safu moja na vichwa vya baba zake. Pale ndipo wazee walipokwenda kuomba mvua na afya. Koo nyingi zilikuwa zimeshaacha. Wetu ulikuwa miongoni mwa zile za mwisho, na mtunzaji wa pango alikuwa baba. Zamu ya babu ilipofika, mimi nilikuwa darasa la ubatizo, na mwalimu wa kanisa alikuwa ametuonya kwamba atakayeonekana pangoni jina lake litafutwa. Nikakimbilia Maungu kwa shangazi, nikajificha huko hadi mambo yakaisha.

Baba hakunipiga. Aliniambia neno moja tu niliporudi: "Umemwacha babu yako apande peke yake."

Toka siku hiyo hakupokea chakula mkononi mwangu. Sisi Wadawida, ndio hao mnaowaita Wataita, tunaiogopa hasira iliyofungiwa moyoni kuliko ile ya kelele. Mzee mwenye hasira na mwanawe hali naye, wala hambariki, mpaka siku aitoe. Na huitoa kwa kutasa: anachukua funda la mbangara, pombe yetu ya miwa, anaipuliza hewani kama manyunyu huku akisema maneno ya amani. Baba hakutaka kutasa kwa ajili yangu. Nilioa, hakutasa. Binti yangu alizaliwa, hakutasa. Kila likizo nilipanda mlima na keki, na kuku wa kuoka, na mikate mieupe iliyowashangaza majirani, naye akisukuma sahani na kusema, "Mpeni mama yenu." Kifua chake kilikuwa kibovu tangu enzi za kubeba mizigo vitani. Nilikuwa na hofu kwamba atakufa nayo ile hasira, na ikishaingia kaburini hakuna tena wa kuitoa.

Baada ya miaka miwili nilihamishiwa Taveta, kumpikia Bwana Shauri, Mzungu wa serikali aliyezunguka wilayani akisikiliza kesi. Huko ndiko nilikojifunza kupika safarini. Tulibeba masanduku hadi Mata, na mimi nikaoka mkate ndani ya debe lililofukiwa makaa juu na chini. Bwana Shauri alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali. Siku moja nilimpa mabaki ya jana nikiwa nimeyafunika kwa jani la kotimiri. Akaonja, akaniita.

"Mpishi, huyu namjua. Jana alikuwa amevaa nguo nyingine."

Sikumdanganya tena. Alipohamishwa nilirudi Voi, nikafanywa mpishi wa pili, chini ya Mpishi Mkuu yule yule. Juu yetu sote alikuwapo Stuadi, Mgoa mwembamba aliyesimamia meza, stoo na hasira zake mwenyewe.

Ndipo akaja mgeni.

Ilikuwa kuelekea mwisho wa miaka ya hamsini. Stuadi aliingia jikoni akijipepea kwa menyu.

"Iko mgeni mpya. Mzungu hapana. Muhindi hapana. Mjapani! Mimi nakalisha yeye wapi?"

"Mkalishe kitini," Mpishi Mkuu akamjibu bila kugeuka.

Mwishowe aliwekewa meza ndogo barazani, peke yake, akitazama milima ya Sagala. Aliitwa Bwana Izumi. Kiwanda cha kamba za meli huko kwao kilimtuma kukagua mkonge wa mashamba ya Voi na Mwatate, na angekaa wiki sita. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kuinamisha kichwa hata akipokea uma. Aliposema asante kwangu mimi, mtu wa jikoni, aliinama vilevile. Sikuwa nimewahi kuona mgeni wa nyumba ile akimwinamia Mtaita.

Lakini chakula hakikumpita kooni. Rosti ilirudi, pudini ilirudi, viazi vilirudi. Wiki ya pili shati lilikuwa limeanza kumpwaya. Stuadi alitaka nibadilishe sosi. Mpishi Mkuu akacheka.

"Sosi yamfaa nini mtu aliyekumbuka kwao? Mwadime, wewe wajua Kiingereza. Nenda kamuulize mamake alimpikia nini."

Nilikwenda barazani, nimekunja aproni mkononi. Nilimuuliza kama nilivyoagizwa. Bwana Izumi aliweka kisu chini, nikadhani nimemkosea. Kisha akaniambia niketi. Mimi sikuketi, maana Stuadi alikuwa mlangoni, lakini nilisimama karibu na kumsikiliza, na hivyo ndivyo nilivyosafiri kwenda Amami bila kutoka Voi.

Alisema Japani ni visiwa vingi, na kwao si kile kikubwa chenye majiji. Kwao ni kisiwa cha kusini, Amami, chenye milima inayoshukia baharini na msitu uliojaa nyoka wa sumu. Watu hulima miwa na viazi vitamu. Miwa! Nilimwambia hata sisi juu kule tunalima miwa, tunaikamua, tunaifanya pombe. Akafurahi hadi akapiga meza. Nao pia! Wao huigeuza sukari nyeusi kwanza, kisha pombe. Zamani, akasema, watawala kutoka visiwa vikubwa walikuja kuwakusanyia sukari yote, na mkulima aliyelamba hata kidole aliadhibiwa. Baada ya vita kuu kisiwa kikashikwa na Wamarekani, na kwa miaka kadhaa hawakuweza kuvuka kwenda kwa ndugu zao bila karatasi ya ruhusa. Nilimwonyesha kipande changu, kile cheti ambacho Mwafrika hakuruhusiwa kutembea bila kuwa nacho. Alikishika kwa mikono miwili, akakisoma, akanirudishia akiwa ameinama.

Kila jioni baada ya kazi yake aliniambia kitu kingine. Kuna kinywaji chao cha wali na viazi vitamu, huchachuka siku mbili tatu hadi kiwe kizito na cheupe, na wa kwanza kupewa si watu bali miungu. Kuna ngoma yao ya mwezi wa nane, kijiji kizima kinakwenda nyumba kwa nyumba kikicheza duara, ngoma wakipiga wanawake, wanaume wakiitikia, na wimbo unaanza polepole kisha unakimbia hadi wazee wanaishiwa pumzi. Nilikuwa nikirudi jikoni nikiwa nimeduwaa. Nilidhani dunia ina Wazungu, Wahindi, Waarabu na sisi. Kumbe ilikuwa na watu wa milimani wenye miwa na viazi, upande wa pili wa bahari, wasiotujua nasi hatuwajui.

Na chakula cha mamake kilikuwa wali wa kuku. Usicheke. Mimi pia nilicheka moyoni, hadi aliponionyesha. Kuku mzima wa kienyeji unamchemsha polepole, povu ukiliondoa kila linapojitokeza, hadi mchuzi uwe safi kama chai isiyo na maziwa. Nyama unaichana nyuzi nyembamba. Yai unalikaanga jembamba kama karatasi, unalikata nyuzi vilevile. Uyoga mkavu, aliokuwa nao kwenye sanduku. Papai bichi lililokaa kwenye chumvi na sosi nyeusi ya soya, ganda la chenza lililokatwa vidogo, majani ya vitunguu. Wali unaupakua bakulini, unapanga hivyo vyote juu yake kila kimoja na sehemu yake, halafu mbele ya mlaji unamwagia mchuzi wa moto hadi wali uelee. Alisema waliutunga kuwapikia wale watawala wa sukari. Watawala walikwenda, wali ukabaki, nao wakaula wenyewe kwa furaha.

Jaribio la kwanza nilichemsha kwa moto mkali na mchuzi ukawa kama maji ya kufulia. La pili alikula nusu bakuli. La tatu alikula bakuli mbili, akatoa miwani na kuifuta. Stuadi alikuja jikoni mwenyewe. "Mjapani nakula!" akasema, kana kwamba treni imezaa mapacha.

Siku moja Bwana Izumi akaniuliza baba yangu hupenda nimpikie nini. Ningeweza kumdanganya. Sijui kwa nini sikumdanganya. Nilimweleza yote: pango, babu, Maungu, sahani zinazosukumwa.

Alibadilika uso. Akaniambia nirudie habari ya kichwa. Nikarudia. Ndipo akaniambia jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka mwili hunisisimka. Kwao Amami, maiti huzikwa, na baada ya miaka kadhaa jamaa hukusanyika, hufungua kaburi, na wanawake wa nyumba huosha mifupa kwa maji, mmoja mmoja, kama wanavyoosha mtoto mchanga. Kisha hupangwa ndani ya mtungi, miguu ikitangulia, na kichwa kinakuwa juu ya yote. Mamake alikuwa amefariki. Mwaka ule ndio ulikuwa mwaka wa kumwosha, dada zake walikuwa wamemwandikia, naye alikuwa Voi akihesabu mkonge.

"Nitakosa," akasema. "Nilichagua kazi."

 Tulitazamana, watu wawili wenye kosa moja.

Aliomba nimpeleke akalione pango. Nikamwambia pango ni la baba, na baba hasemi nami. "Basi muulize," akasema, "mwambie ni mimi ninayeomba." Nilituma neno kwa dereva wa lori. Jibu lilirudi baada ya siku mbili: mgeni aje.

Jumapili ile tulipanda gari la Taveta hadi Mwatate, kisha tukapanda mlima kwa miguu. Nilibeba mchele wa dukani kwa Mhindi, uyoga, na chupa ndogo ya soya. Kuku alikuwa wa mama. Baba alitupokea uani akiwa ameshika mkongojo, amevaa koti lake zito juu ya shuka. Alimsalimia mgeni. Mimi alinitazama begani, si usoni.

Alitutangulia hadi pangoni, akipumzika mara tatu njiani kwa sababu ya kifua. Bwana Izumi alipofika mbele ya vile vichwa, vimejipanga vinatazama nje, vingine vya zamani hata vimeota ukungu wa kijani, hakushika pua wala hakutoa kamera. Alipiga magoti, akaweka mikono chini, akainama hadi paji la uso likagusa udongo, akakaa hivyo. Baba alinigeukia, na kwa mara ya kwanza kwa miaka akaniuliza kitu.

"Huyu ni mtu wa wapi?"

Nilimweleza kwa Kidawida. Nilimweleza kisiwa, miwa, na jinsi wanavyoosha mifupa. Baba aliuliza maswali kama hakimu. Nani anaosha? Kwa maji gani? Kichwa kinakaa wapi? Niliposema kichwa kinakaa juu ya yote, alishusha pumzi ndefu, akakaa juu ya jiwe.

"Nilidhani tumebaki sisi tu," akasema. "Nilidhani nitakuwa wa mwisho duniani." Nilimwona baba yangu machozi yakimtoka. Sikuwahi kuyaona. "Na yeye amewaosha wake?"

Nilimwuliza Bwana Izumi, ingawa jibu nilikuwa nalo. Alijibu akiwa bado amepiga magoti. Nikamwambia baba: mamake anaoshwa mwaka huu, naye hayupo, anasema amekosa, ameiacha ile siku impite kwa sababu ya kazi, na ameona vibaya sana.

Baba akatikisa kichwa kwa huruma. Kumwonea huruma mgeni kulimjia rahisi hivyo! Hapo nikashindwa kuendelea kujificha nyuma ya mtu mwingine.

"Baba," nikasema, "na mimi sikuwapo. Babu alipopanda nilikuwa Maungu kwa shangazi, chini ya kitanda. Niliogopa kufutwa jina. Nilikosa."

Miaka yote ile nilikuwa nimempelekea keki, na sikuwa nimewahi kumwambia hivyo. Mtu anaweza kuwa mjinga muda mrefu sana huku akijiona anajitahidi.  Baba aliinuka, akashika mkongojo, akashuka.

Nilipika kwenye mafiga ya mama. Yai la kwanza lilichanika. Bwana Izumi akakunja mikono ya shati akakaanga la pili mwenyewe, mama akimtazama kama mtu aliyeona mbuzi akisoma gazeti. Tulipanga kila kitu juu ya wali. Baba alikuwa ameketi uani kwenye kigoda. Nilimwekea bakuli mbele yake kwa mikono miwili, nikammiminia mchuzi. Mvuke ukapanda usoni mwake. Mkono wake ukaenda kwenye bakuli, nami nikangoja ile sauti ya kusukuma.

Akauacha mkono pale. "Leteni mbangara," akasema.

Mama alileta kibuyu mbio, huku nyingine ikimwagika. Baba akachukua funda, akasimama, akapuliza. Manyunyu yalinipata usoni na kifuani, ya baridi. Akasema kwa Kidawida: kilichokuwa humu kitoke, kisirudi, apone, mkewe apone, binti yake akue, njia zake ziwe nyeupe. Akachukua funda la pili, akamgeukia Bwana Izumi, akapuliza tena: na mama wa huyu asimkasirikie, yuko mbali lakini amemkumbuka. Nilimtafsiria. Yule bwana alifunika uso kwa viganja.

Kisha baba akaketi, akala. Alikula taratibu, akichagua nyuzi za kuku, akinywa mchuzi, sisi sote tumesimama kama watu wanaongoja hukumu. Alipomaliza alifuta midomo.

"Chumvi imepungua," akasema.

Bwana Izumi aliondoka wiki iliyofuata. Baada ya muda ilikuja barua yenye stempu za ajabu, na baba alitaka nimsomee mara tatu. Dada zake Bwana Izumi walikuwa wameahirisha kuosha, wakamngoja. Alimbeba mamake kifuani kutoka kaburini hadi majini, na alikuwa mwepesi, akaandika, mwepesi kuliko mtoto. Baba aliichukua barua ile asiyoweza kuisoma, akaenda nayo pangoni.

Mimi niliendelea. Nikawa Mpishi Mkuu baada ya yule mzee kurudi Mombasa, nikatumikia mameneja wa kila rangi, nikaiona bendera ikibadilika, na nikastaafu mikono ikiwa na makovu ya Dova hadi viwikoni. Wajukuu hunicheka kwamba sijavuka hata Mombasa. Ni kweli. Lakini nimekaa kwenye moto mmoja na mtu wa Amami, nikajua kwamba kuna pwani moja mbali huko wanakoosha mama zao, na dunia haijawahi kuwa ndogo kwangu tena.

Baba aliishi miaka minne baada ya Jumapili ile. Kila likizo nilimpikia, na kila likizo alikuwa na lake: wali umelowa, kuku mzee, papai gumu, siku hizi mnapika kwa haraka. Hakuwahi kunisifu hata mara moja, na mimi sijawahi kufurahia maneno ya mtu kama yale. Mara ya mwisho hakuweza tena kumeza wali. Nilimnywesha mchuzi kwa kijiko, kidogo kidogo. Akafumba macho, akafikiri, akasema, "Leo iko sawa." Niliweka bakuli chini nikatoka nje, kwa sababu nilijua ananiaga.